Safari ya lori huanzia ghalani: Namna ya kufikisha mazao ya Nachingwea na Ruangwa sokoni bila faini wala ajali

WAKULIMA wa ufuta, mbaazi na korosho wa wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, ni mafundi wa bei ya mnada. Wengi wanaweza kukutajia bei ya wiki iliyopita hadi shilingi ya mwisho. Wanaoweza kukuambia ni shilingi ngapi katika kila kilo zinazoliwa na barabara ni wachache.

Shilingi hizo zipo, na mara nyingi anayezilipa ni mkulima. Mnunuzi anayeweka bei kwa mzigo ulioko ghalani Nachingwea huanza hesabu yake bandarini Mtwara au sokoni Dar es Salaam, kisha anarudi nyuma. Anatoa nauli, anatoa gharama za kupakia na kushusha, anatoa kiasi cha kujikinga na hasara za njiani. Kinachobaki ndicho anachokiandika kwenye zabuni yake. Safari ikiwa ya mashaka, bei ya kilo inashuka hata kama ufuta ni safi kuliko wa wilaya nyingine.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayekusanya tani chache na kukodi lori kwa kuchangia, mambo ni magumu zaidi. Yeye hana tajiri wa kumsukumia hasara. Siku mbili za kulala mizanini zinatosha kumaliza faida ya msimu mzima.

Ndiyo maana faida au hasara ya safari ndefu huamuliwa kabla injini haijawashwa. Dereva hodari husaidia, lakini hawezi kurekebisha mzigo uliozidi, karatasi zisizokamilika au njia iliyochaguliwa kwa mazoea.

Reli iliondoka, lori likabaki

Nachingwea haikuwa hivi siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, Nachingwea ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyochaguliwa. Reli ilijengwa kuelekea pwani, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954.

Mradi wenyewe ulishindwa na ukaachwa mwaka 1951. Reli bila karanga haikuwa na mzigo wa kutosha, nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yake kung'olewa. Tangu hapo kila gunia linalotoka wilaya hizi hutegemea gurudumu la gari.

Jinsi utegemezi huo ulivyo mkubwa ilionekana Novemba 2018, wakati Serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa Sh3,300 kwa kilo baada ya wanunuzi binafsi kutoa bei ndogo. Pamoja na fedha, kitu kingine kilichohitajika haraka kilikuwa malori, na Jeshi la Wananchi likaagizwa kuingiza magari yake katika kazi ya kusomba korosho.

Chagua njia kwa majira, si kwa mazoea

Mzigo wa Nachingwea kwa kawaida huteremka hadi Masasi, mwendo wa takriban kilomita 45, kisha hushika barabara kuu kuelekea Mingoyo. Mzigo wa Ruangwa huteremka takriban kilomita 53 hadi Nanganga, kwenye barabara hiyo hiyo kuu ya Masasi na Mingoyo. Ujenzi wa lami kati ya Ruangwa na Nanganga ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2020.

Pale Mingoyo safari hugawanyika. Anayekwenda bandarini Mtwara hukata kusini. Anayekwenda Dar es Salaam hupita Lindi, Nangurukuru, Somanga, daraja la Mkapa katika Mto Rufiji, Ikwiriri, Kibiti na Mkuranga hadi Mbagala. Kwa jumla, kutoka Ruangwa au Nachingwea hadi Dar es Salaam ni safari ya kilomita 600 hivi.

Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, liliondoa adha ya kusubiri kivuko, na lami ya Ndundu hadi Somanga iliyokuja baadaye ikaondoa tope lililokuwa likilaza malori kwa siku kadhaa. Lakini mafanikio hayo yamewafanya baadhi ya wasafirishaji waamini kwamba njia ya kusini haifungwi tena. Si kweli.

Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mawasiliano kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Lindi na Mtwara yalikatika kwa siku kadhaa. Njia nyingine iliyobaki ilikuwa ya kuzungukia Masasi, Tunduru, Songea na Makambako, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya urefu wa njia ya kawaida. Mwenye mkataba wa nauli moja isiyobadilika alijikuta pabaya.

Kalenda ya mazao hapa ina maana kubwa. Ufuta huvunwa kuanzia Mei na kuuzwa hadi Julai, mbaazi hufuata kati ya Julai na Oktoba. Mazao hayo mawili husafiri wakati wa kiangazi. Korosho ndiyo yenye hatari, kwa kuwa minada yake huanza Oktoba na mzigo wa mwisho hukutana na mvua za Novemba na Desemba, ambazo huendelea hadi Aprili au Mei.

Kwa hiyo mzigo wa kijiji chenye barabara mbaya utolewe kwanza, hata kama ni mdogo. Mzigo ulio karibu na lami unaweza kungoja. Vyama vingi hufanya kinyume, yaani huanza na ghala lililo karibu kwa sababu ni rahisi, kisha Desemba wanasukuma lori kwenye tope.

Kabla ya kuondoka, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwa wilaya zote utakazopita, si kwa wilaya unayoondokea tu. Nachingwea kunaweza kuwa kukavu huku Kilwa mito imejaa. Piga simu kwa dereva aliyepita jana. Uliza ni wapi pana mchepuko, ni wapi maji yamevuka barabara. Na maji yakivuka barabara, dereva asijaribu kuyapita kwa kukisia kina. Lami ya chini inaweza kuwa imekwishaondoka.

Usisahau barabara za vijijini ambazo tangu mwaka 2017 ziko chini ya TARURA. Madaraja na makalavati yake hayakujengwa kwa ajili ya semitrela, na vibao vya kikomo cha uzito, mara nyingi tani 10, vipo kwa sababu. Semitrela ibaki kwenye ghala kuu, na Fuso au matrekta yafanye kazi ya kusomba kutoka AMCOS.

Uzito: hesabu ya ekseli kwa ekseli

Tangu Machi 1, 2019 Tanzania inatumia Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila gari lenye uzito wa tani 3.5 na kuendelea linatakiwa kupita mizanini. Sheria haiangalii uzito wote tu, bali pia uzito wa kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu ya kulia na kushoto.

Ekseli ya mbele ya usukani ina kikomo cha tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne ina kikomo cha tani 10. Ekseli mbili zinazofuatana, zenye matairi manne kila moja, ni tani 18 kwa pamoja. Ekseli tatu zinazofuatana ni tani 24. Kwa magari yanayotumia tairi moja pana badala ya mawili, vikomo ni vidogo zaidi. Na kwa gari lolote, hata liwe na ekseli saba au zaidi, uzito wote usizidi tani 56.

Sasa tupige hesabu. Lori la ekseli tatu, lile ambalo wengi huliita tandam, linaruhusiwa tani 8 mbele na 18 nyuma, jumla tani 26. Tuseme gari lenyewe likiwa tupu lina tani 10. Mzigo halali ni tani 16, sawa na magunia 200 ya korosho yenye kilo 80 kila moja.

Semitrela ya ekseli sita inaruhusiwa tani 8, 18 na 24, jumla tani 50. Ikiwa tupu ina tani 18, mzigo halali ni tani 32, yaani magunia 400 ya kilo hizo hizo. Hesabu hii ifanyike kwa gari halisi lililokodiwa, kwa kulipima tupu, kwa sababu bodi za chuma na matela hutofautiana sana.

Kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kupakia kwa kimo. Mbaazi ni nzito kuliko ufuta au korosho kwa ujazo ule ule. Lori lililojazwa korosho hadi usawa fulani wa bodi na likapita mizani bila tatizo, likijazwa mbaazi hadi usawa ule ule litazidi. Hesabu kilo, usihesabu kimo.

Kosa la pili ni kurundika mzigo nyuma. Lori letu lenye tani 16 halali linaweza kukamatwa bado, ikiwa makuli wamejaza nyuma na kuacha nafasi karibu na kibini, hata ekseli za nyuma zikabeba tani 20 badala ya 18. Mbali na faini, gari la namna hiyo huwa jepesi mbele na usukani wake hauna nguvu, hasa kwenye lami yenye maji. Anzeni kupanga magunia mbele, safu kwa safu, na uzito wa kushoto ulingane na wa kulia.

Wapo waliozoea kuhesabu ile asilimia 5 ya uvumilivu kama sehemu ya mzigo. Katika uzito wa jumla, sheria ya sasa haikuwaachia nafasi hiyo.

Je, kuzidisha kunalipa?

Wafanyabiashara wengi huzidisha mzigo kwa sababu wanaamini kunapunguza nauli. Tuchukue mfano wa kufikirika. Lori la tani 16 limekodiwa kwa Sh2,000,000. Kila kilo inasafiri kwa Sh125. Mwenye mzigo akipakia tani 20, kila kilo inasafiri kwa Sh100. Kwa tani nne za ziada ameokoa nauli ya Sh500,000.

Sasa tuseme lori limekamatwa. Kuna malipo ya uzito uliozidi. Gari haliruhusiwi kuendelea hadi mzigo wa ziada ushushwe, kwa hiyo anatafuta gari jingine la kubeba tani nne, analipa makuli wa kushusha na kupakia, analipia kulala kwa lori siku mbili, na mteja wake anapunguza bei kwa kuchelewa. Tuseme yote hayo yamefika Sh2,500,000.

Hata kama atakamatwa safari moja tu kati ya nne, amegawana hasara ya Sh625,000 kwa kila safari ili kuokoa Sh500,000. Hapo bado hatujahesabu matairi, springi, breki na mafuta. Mchezo huo hauna faida, ila hasara yake huja kwa mkupuo na faida yake huja kidogo kidogo, ndiyo maana watu wanauona kama una faida.

Barabara nayo ina hesabu yake. Jaribio kubwa lililofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, lilionyesha kuwa uharibifu wa lami hukua kwa kasi kubwa kuliko uzito: takriban kwa kipeo cha nne. Kwa lugha nyepesi, ekseli yenye tani 12 mahali pa tani 10 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi, bali kwa mara mbili. Anayezidisha mzigo leo anajichimbia mashimo ya msimu ujao.

Karatasi zitangulie mzigo

Lori hukaguliwa kwa mambo matatu: gari, dereva na shehena. Kila kimoja kina karatasi zake, na pengo katika moja hulaza zote.

Gari liwe na kadi, bima iliyo hai na leseni ya usafirishaji wa mizigo kutoka LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa usafiri wa nchi kavu mwaka 2019. Bima ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA kabla ya kukodi, kwa kuwa stika ya kughushi ni sawa na kutokuwa na bima. Dereva wa lori zito awe na leseni ya daraja E, na isiwe imekwisha muda.

Shehena ndiyo hutatiza wengi. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa zao hilo msimu wa 2007/08. Ufuta na mbaazi nazo ziliingizwa katika mfumo huo, na minada kuendeshwa kupitia Soko la Bidhaa (TMX). Kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, chama kikuu cha ushirika ni RUNALI.

Maana yake ni kwamba lori la korosho lazima liwe na hati ya kutoa mzigo ghalani, ankara au risiti ya ununuzi, na hati ya shehena inayotaja idadi ya magunia, uzito, mwenye mali, linakotoka na linakokwenda. Lori linalobeba korosho usiku bila hati hizo linaonekana kama la kangomba, na mwenye mali atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha vinginevyo.

Kuhusu ushuru wa mazao wa halmashauri, bajeti ya 2017/18 iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Bajeti hiyo hiyo iliwaondolea ushuru wanaohamisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mfanyabiashara mdogo anapaswa kuijua haki hiyo. Anayepaswa kulipa naye adai stakabadhi na aiweke kwenye gari, kwa sababu geti la ushuru la wilaya ya mbele halitaamini maneno ya dereva.

Jambo moja kuhusu mwelekeo: Serikali imekuwa ikisisitiza korosho ya kusini isafirishwe nje kupitia bandari ya Mtwara. Kabla ya kukodi lori la kwenda Dar es Salaam, thibitisha na Bodi ya Korosho kwamba mzigo wako unaruhusiwa kwenda huko. Ni aibu kugeuzwa njiani na nauli umekwishalipa.

Kwa wenye soko Msumbiji, Daraja la Umoja la Mtambaswala lililofunguliwa Mei 2010 limerahisisha kuvuka Mto Ruvuma. Hata hivyo huo ni usafirishaji wa nje ya nchi. Unahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, hati za forodha na bima inayotambulika upande wa pili. Aidha, Msumbiji haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo usidhani kuwa vikomo vya uzito vya hapa ndivyo vya huko.

Saa za dereva ni sehemu ya nauli

Sheria ya Usalama Barabarani inaweka mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na kilomita 50 katika maeneo ya makazi. Wengine hugawanya kilomita 600 kwa 80 na kumwambia dereva afike kwa saa saba na nusu. Hesabu hiyo ni ya hatari.

Lori lenye mzigo, likipita vijiji, michepuko, mizani na vituo vya ukaguzi, kwa wastani huenda kilomita 45 kwa saa au chini ya hapo. Kilomita 600 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 13 za usukani, bila chakula wala mapumziko. Kwa mabasi, kanuni zinataka madereva wawili safari inapozidi saa nane. Mwenye lori achukue kipimo hicho hicho: ama madereva wawili wenye leseni, ama safari ya siku mbili. Utingo asiye na leseni si dereva wa pili.

Mpango mzuri ni kupakia mchana, kufunga turubai jioni, kulala na kuondoka alfajiri. Lori likalale Nangurukuru, ambako ni karibu na katikati ya safari, au Kibiti, mahali penye taa na walinzi. Kesho yake liingie Mbagala baada ya msongamano wa asubuhi kupungua. Dereva aliyefanya kazi ya kusimamia upakiaji kutwa nzima asiondoke saa mbili usiku, hata kama mwenye mzigo anapiga simu kila nusu saa.

Usiku kuna hatari nyingine. Kuna ng'ombe wanaovuka, baiskeli zisizo na taa na malori mabovu yaliyoachwa katikati ya njia. Matawi ya miti tuliyozoea kuyatupa barabarani hayaakisi mwanga. Gari liwe na pembetatu mbili za kuakisi, kizimamoto kilicho hai, tairi la akiba na vitalu vya kuzuia magurudumu. Kwenye mteremko dereva ashuke na gia, asiweke gari huru ili kuokoa mafuta. Breki zikipata moto na tani 30 zikiwa nyuma, mafuta yaliyookolewa hayatasaidia.

Na mwenye mzigo asipande juu ya magunia. Wakulima na wafanyabiashara wengi hufanya hivyo kwa hofu ya kuibiwa. Ni kosa kisheria, na lori likipinduka, aliye juu ya shehena ndiye wa kwanza kulaliwa na shehena yake. Hofu ya wizi hutibiwa kwa magunia yaliyohesabiwa na kusainiwa pande zote mbili, turubai lililofungwa vizuri na namba ya simu ya dereva, si kwa roho ya mtu.

Mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi

Nauli hupungua kihalali kwa njia moja kubwa: kuepuka lori kurudi tupu. Lori linalokuja Nachingwea na saruji kutoka Mtwara, au na bidhaa za dukani kutoka Dar es Salaam, linatafuta mzigo wa kurudi nao. Mwenye lori huyo hukubali nauli ndogo kuliko anayeitwa kutoka mbali akiwa tupu.

Salfa na viuatilifu vingine vya mikorosho huingia wilayani kabla na wakati wa kupulizia, karibu na kipindi ambacho ufuta unaanza kutoka. AMCOS ikiwa na taarifa ya magari yanayoleta pembejeo, inaweza kupanga ufuta wake uondoke na magari hayo. Lakini bodi lifagiliwe, lioshwe na likauke kabisa kwanza. Ufuta ni chakula. Vumbi la salfa au saruji likiingia kwenye magunia, mnunuzi ana haki ya kuukataa mzigo wote.

Korosho nayo haipendi maji. Turubai lenye tundu likilowesha safu ya juu, unyevu hupanda, joto huongezeka ndani ya magunia na ubora hushuka kabla ya kufika bandarini. Lishikeni turubai juani kabla ya kupakia. Mwanga ukipenya, maji yatapenya.

Andikeni mnachokubaliana

Maelewano ya mdomo na dalali yametosha. Mkataba wa ukurasa mmoja utaje nauli na namna ya kulipa, tarehe ya kufika, njia itakayotumika na nani anabeba gharama njia ikikatika. Utaje pia nani analipa uzito ukizidi. Kwa haki, uzito wa jumla ni wa aliyepakia, na uzito wa ekseli ni wa aliyepanga mzigo. Lakini kama hamkuandika, mtabishana mizanini huku siku zinahesabiwa.

Fahamuni pia kuwa bima ya lazima ya gari hulinda watu wengine barabarani, haiwalipi ninyi ufuta uliomwagika. Hiyo ni bima ya mizigo iliyo safarini, nayo hukatwa peke yake. Mnaochangia lori moja mnaweza kuichangia vilevile, mradi kila gunia liwe na alama ya mwenyewe na orodha ibaki ghalani.

Kabla ya msimu, mkutano wa AMCOS uliulize bodi lake maswali machache: Malori yetu yanapimwa yakiwa tupu? Nani anasimamia upangaji wa magunia? Ghala lipi litaanza kutolewa kabla ya mvua? Mwaka jana tulilipa shilingi ngapi kwa kila kilo kuifikisha ghala kuu, na kwa nini? Makato ya usafiri yamo kwenye karatasi ya malipo ya kila mkulima, na mwenye haki ya kuyahoji ni mkulima mwenyewe.

Bei ya ufuta huamuliwa na masoko ya mbali, na bei ya mbaazi tuliiona ilivyoporomoka baada ya India kuweka kikomo cha uagizaji Agosti 2017. Huko mkutano wa kijiji haufiki. Gharama ya njia kutoka ghalani hadi bandarini, kwa sehemu kubwa, iko mikononi mwa wanaopakia, wanaokodi na wanaoendesha. Kila shilingi inayookolewa hapo kihalali inaweza kurudi kwenye kilo ya mkulima, iwapo mwenyewe ataidai.